Vitabu Elfu Mkononi, Kimoja Moyoni



Ndugu msomaji, katika seminari zetu, na hata katika parokia za vijijini, limezuka swali ambalo wazee wetu hawakuwa nalo. Je, tuendelee kununua na kutunza vitabu vya karatasi, au tuhamie kwenye vile vifaa vidogo vya kusomea vitabu vya kielektroniki, kama Kindle, vinavyobeba maelfu ya vitabu katika umbo la daftari dogo? Wapo wanaosema kabati la vitabu la parokia limepitwa na wakati. Wapo wanaosema kifaa hicho ni mlango wa uvivu.

Nimekitumia kwa miaka miwili, nikiwa seminarini na nikiwa likizo kwetu Mashewa. Msimamo wangu ni huu: tukipokee kwa shukrani, lakini tusikiachie kituamulie namna ya kusoma. Kifaa hiki kinagusa tabia ya msomaji, na msomaji huyo kesho atakuwa padre, katekista au mzazi.

Neema kwa walio mbali na maktaba

Nianze na shukrani. Anayeishi Dar es Salaam anaweza kukibeza kifaa hiki kwa sababu maduka ya vitabu yako jirani. Sisi wa Mashewa hali yetu ni nyingine. Mtu akitaka kitabu kisichokuwa cha shule, hupanda gari kupitia Magoma hadi Korogwe mjini, na asipokipata huko huendelea hadi Tanga, iliko Maktaba ya Mkoa. Ndugu zetu wa vijiji vya Handeni nao wanaijua hesabu hiyo ya nauli. Na kitabu kikishafika nyumbani kina maadui wake: mchwa, panya na unyevu wa masika. Nimeona Misale ambayo kurasa zake za Kwaresima zimeliwa zote, zimebaki za Pasaka.

Kifaa cha kusomea hakiogopi mchwa. Hakimlemei frateri anayerudi likizo juu ya bodaboda na begi mgongoni. Tena tusikichanganye na simu. Maandishi yake hutokana na chembe ndogo sana nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme, teknolojia ya kampuni ya E Ink iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997. Umeme mwingi hutumika pale tu ukurasa unapobadilika, ndiyo maana chaji moja yaweza kudumu wiki kadhaa. Kwa nyumba inayotegemea paneli ndogo ya sola, hilo ni jambo kubwa.

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, nao wanavitumia vizuri kazini. Lakini kishikwambi, kama simu, kina kelele nyingi: ujumbe unaingia, video inakuita, mpira umeanza. Kifaa cha kusomea kimetengenezwa kwa kazi moja, na katika hilo kinafanana na kitabu kuliko kinavyofanana na simu.

Na vitabu vyenyewe vipo. Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, unatoa bure zaidi ya vitabu 70,000, vingi vikiwa ni vile ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Humo mna Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kitabu cha Thomas a Kempis juu ya kumfuasa Kristo, na maandiko ya Mtakatifu Thomas wa Akwino. Kijana wa Mashewa leo anaweza kuwa na rafu ambayo miaka 50 iliyopita ingekuwa fahari ya seminari nzima. Anayelibeza jambo hilo hajawahi kukosa kitabu.

Kanisa limekwisha kubadilisha kitabu mara nyingi

Tusiogope pia kwa kudhani kwamba kitabu tulicho nacho kilishuka kutoka mbinguni na majalada yake. Bwana wetu katika sinagogi la Nazareti hakufungua kitabu kama chetu. Kilikuwa gombo refu lililoviringishwa, naye akalikunjua mpaka akapata mahali alipopataka katika nabii Isaya. Wakristo wa karne za kwanza ndio walioupenda mapema mtindo wa kurasa zilizofungwa upande mmoja, wakati wapagani wengi bado wakitumia magombo. Mtindo ule uliwasaidia kwenda haraka kutoka Injili hadi kwa nabii na kurudi. Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 1450, Gutenberg alichapa Biblia kwa mashine, na kitabu kikaanza kuwafikia hata wasiokuwa na mwandishi wa kuwanakilia.

Siyo umbo la kitabu tu lililobadilika, bali na usomaji wenyewe. Mtakatifu Augustino anaeleza katika Maungamo jinsi alivyomkuta Askofu Ambrosi wa Milano akisoma kimya, macho yakipita juu ya ukurasa huku sauti imetulia. Jambo hilo lilimfanya atafute sababu zake, kwa kuwa kusoma kwa sauti lilikuwa jambo la kawaida. Leo tunamshangaa anayesoma kwa sauti peke yake chumbani!

Basi kila mara chombo cha kusomea kinapobadilika, kuna tunachopata na kuna tunachopoteza. Mwenye busara huuliza mapema ni kipi kinapotea, ili akilinde.

Yale yanayobadilika

La kwanza nililoliona kwangu ni kwamba idadi ya vitabu nilivyoanza iliongezeka sana, na idadi ya vile nilivyomaliza haikufuata. Kitabu cha karatasi kikiwa kimoja mezani, ukikichoka unakiangalia, nacho kinakuangalia, mwisho unakirudia. Katika kifaa, sura ikiwa ngumu, kitabu kingine kiko umbali wa kidole. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sasa sisi tunashika elfu.

La pili ni mahali. Kifaa hakikwambii uko ukurasa wa ngapi kwa namna ambayo mkono unaihisi, kinakuandikia asilimia. Mwenye kitabu cha karatasi anajua kwa vidole kwamba amebakiza kidogo, na anakumbuka kwamba neno lile lilikuwa juu, ukurasa wa kushoto, karibu na mwanzo. Mwenye kifaa anakumbuka neno, lakini halina makazi.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2019 Anne Mangen wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norway, pamoja na wenzake walichapisha utafiti wa wasomaji 50 waliopewa hadithi moja ndefu ya upelelezi, yenye kurasa 28. Nusu waliisoma kwenye kitabu cha karatasi, nusu kwenye Kindle. Kwa jumla walielewa karibu sawa. Lakini walipoulizwa tukio lipi lilitangulia na lipi lilifuata, waliosoma karatasi walifanya vizuri zaidi. Mwaka mmoja kabla, Pablo Delgado na wenzake walikuwa wamekusanya tafiti 54, zenye jumla ya washiriki zaidi ya 170,000, zilizolinganisha karatasi na skrini za aina mbalimbali. Kwa hadithi, hawakuona tofauti. Kwa maandiko ya kufundisha na kueleza, na hasa msomaji anapobanwa na muda, karatasi iliishinda skrini.

Ndugu mseminari, fikiria maana ya hayo kwako. Vitabu vya falsafa na teolojia ni vya kufundisha na kueleza, na muda wako daima ni mfupi. Ni hapo hasa skrini inapotudai uangalifu zaidi. Wokovu nao una mfuatano: Abrahamu kwanza, Musa baadaye, manabii, uhamisho, kisha Kristo. Mhubiri anayekumbuka maneno mengi mazuri bila kujua lipi linatangulia lipi, atawachanganya watu wa Mungu.

La tatu ni lugha, na hili silisikii likisemwa, ingawa kwangu ni zito kuliko yote. Rafu ya kifaa imejaa Kiingereza. Vitabu vya dini kwa Kiswahili vinavyopatikana humo kihalali ni vichache. Vile vilivyowalea wazazi wetu katika imani, vilivyochapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, vingi viko kwenye karatasi, ndani ya makabati ya parokia na masanduku ya bibi zetu. Kwa hiyo anayehamia kwenye kifaa peke yake, huhama lugha bila kuagana nayo. Baada ya mwaka mmoja anasoma kwa Kiingereza, anaandika tafakari akilini mwake kwa Kiingereza, kisha Jumapili anasimama kigangoni mbele ya wazee waliozaliwa katika Kisambaa, Kibondei au Kizigua na kusali kwa Kiswahili. Utamsikia anatafuta maneno. Anajua neema ni nini kwa kitabu cha London, lakini hana namna ya kumweleza mama mfiwa.

Tena hapa Tanga hatuna udhuru wa kudharau Kiswahili cha kusoma. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Lugha ya kuhubiria iko nyumbani, ila lazima isomwe ili iwe ulimini.

La nne ni kuazimana. Kitabu cha karatasi husafiri. Padre humpa katekista, katekista humpa mwenyekiti wa jumuiya, mwenyekiti akikisahau mezani mtoto wake hukifungua. Wengi wetu tulijifunza kusoma hivyo, kwa kitabu ambacho hakikununuliwa kwa ajili yetu. Baba akisoma kwenye kifaa, mtoto haoni kitabu. Anaona baba ameinamia kioo, asijue kama anasali au anaangalia matokeo ya mpira. Na baba huyo akifariki, vitabu vyake huenda vikaenda naye, kwa kuwa mara nyingi alichonunua ni ruhusa ya kusoma na siyo kitabu chenyewe.

Tukio la Julai 2009 lilionyesha hilo waziwazi. Kampuni ya Amazon iligundua kwamba matoleo fulani ya vitabu viwili vya George Orwell yaliuzwa na mtu asiye na haki navyo. Ikayafuta kwa mbali, kutoka kwenye vifaa vya watu waliokwisha kuvinunua, ikawarudishia fedha. Baadaye mkuu wa kampuni aliomba radhi. Kimoja kati ya vitabu hivyo wasomaji wa Kiswahili wanakijua: ndicho Fortunatus Kawegere alichokitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama, kikachapwa mwaka 1967. Nakala ya Kawegere iliyomo kabatini mwa parokia yoyote, hakuna awezaye kuifuta kutoka mbali. Mchwa peke yake.

Kanuni ya kitabu kimoja

Tufanye nini basi? Jibu ninalolipendekeza lina umri wa karne 15. Katika sura ya 48 ya Kanuni yake, Mtakatifu Benedikto aliagiza kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila mtawa apewe kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome kwa mfuatano mpaka mwisho. Tena akaagiza mzee mmoja au wawili wazunguke saa za kusoma, kuona kama yupo ndugu anayepiga soga badala ya kusoma. Benedikto alimjua binadamu kabla ya skrini kuwapo.

Kanuni hiyo siyo ngeni katika milima yetu. Watrapisti waliotoka Mariannhill, Afrika Kusini, na kuanzisha misheni ya Gare kule Usambara mwaka 1897, walikuwa watawa wa Kanuni hiyo hiyo. Imani yetu ya Kikatoliki katika sehemu hizi imepandwa na watu waliolelewa kusoma kitabu kimoja hadi mwisho.

Kifaa cha kusomea hakizuii kanuni hiyo. Kinachotakiwa ni msomaji kukiwekea kifaa mipaka. Chagua kitabu kimoja, zima intaneti ya kifaa, na vile vingine viondoe kwenye ukurasa wa mwanzo mpaka umalize. Ukikutana na jambo la kukumbuka, usiridhike na kulipaka rangi kwa kidole. Liandike kwa mkono kwenye daftari, pamoja na sura lilimo, ili lipate makazi. Mapendekezo mazuri ya vitabu yakija katikati, yaandike nyuma ya daftari hilo, yasubiri zamu yao. Mimi hufanya hivyo sasa, na kasi yangu imepungua, lakini nikiulizwa kitabu kilisema nini nina jibu.

Tugawanye pia kazi kati ya vyombo hivi viwili. Riwaya, maisha ya watakatifu na masimulizi ya wamisionari yanasomeka vizuri kwenye kifaa. Kitabu cha mtihani na kile utakachokirudia miaka yote ya upadre, kitafute katika karatasi ikiwezekana. Na kwa kila vitabu viwili vya Kiingereza, tusome kimoja cha Kiswahili, hata kama itabidi kukifuata kwenye kabati lenye vumbi.

Kwenye ibada, jambo limekwisha kuzungumzwa na Kanisa mahali pengine. Mwaka 2012 maaskofu wa New Zealand waliwaandikia mapadre wao kwamba altareni itumike Misale iliyochapwa tu, siyo iPad wala simu, kwa sababu kitabu kitakatifu ni ishara kwa umbo lake, na kifaa kina matumizi mengine mengi. Waliruhusu vifaa hivyo kwa kujifunza na kujiandaa. Naona mgawanyo huo ni wa haki kabisa. Padre aliyeko safarini asali Breviari kwenye kifaa bila wasiwasi. Lakini watu wa Mungu wakija kanisani waone Neno likibebwa, likiinuliwa na kubusiwa.

Kwa parokia na kwa walezi

Kwa waamini nina ombi moja. Msikubali kabati la vitabu la parokia lifungwe kwa hoja kwamba siku hizi kila kitu kimo kwenye simu. Fedha za parokia ni chache, najua, na paa la kigango linavuja. Lakini kabati halidai mengi: dawa ya mchwa, daftari la kuazimia, na kijana mmoja mwaminifu wa kulifungua baada ya Misa. Kama mfadhili anataka kutoa vifaa vya kusomea, tumkaribishe, na tumwombe aongeze na vitabu vya Kiswahili. Vifaa hivyo viwe vya parokia, viazimwe kama vitabu, visiwe vya mtu mmoja. Katika jumuiya ndogo ndogo, mwenye kifaa asisome kimya peke yake. Awasomee wenzake kwa sauti, hasa wazee ambao macho yao hayaoni tena herufi ndogo. Kwenye kifaa herufi zinakuzwa, na bibi aliyeacha kusoma miaka mingi anaweza kulisoma tena somo la Jumapili kwa macho yake. Hilo peke yake linatosha kukishukuru.

Kwa walezi na magambera wetu, Hayati Papa Fransisko aliacha waraka wa tarehe 17 Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Yeye mwenyewe aliwahi kufundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965. Katika waraka huo anazisifu seminari ambazo, mbele ya mvuto wa skrini, zimeamua kutenga muda kwa ajili ya kusoma. Nasisitiza hilo la kutenga muda. Seminari inaweza kugawa vifaa kwa kila mwanafunzi na isipate msomaji hata mmoja, kama ratiba haina saa ya ukimya ambayo mtu anakaa na kitabu chake kimoja. Na seminari inaweza kuwa na vitabu vilivyochanika, lakini ikiwa na saa hiyo, ikatoa wahubiri.

Maana mwisho wa yote, ndugu zangu, tutapimwa kigangoni. Siku ya msiba, mvua inanyesha, watu wamejaa uani, na padre kijana anasimama mbele ya jeneza. Hakuna atakayemuuliza kifaa chake kina vitabu vingapi. Watasikiliza kama kuna kitabu hata kimoja alichokisoma mpaka mwisho, kikamkaa, kikawa neno lake mwenyewe la kuwafariji. Kwaresima ijayo na tuchague, kila mmoja kimoja, kiwe cha karatasi au cha kioo, na tukimalize.